Leso ya mama ina ukoo Ulaya

Leo tutaanzia nyumbani. Fungua sanduku la mama, kwa idhini yake bila shaka, ukatoe leso moja uitandaze kitandani. Ikiwa wewe ni mkazi wa Likoni, Kisauni, Changamwe au kisiwani Mombasa kwenyewe, huna haja ya kuelezwa leso ni kitu gani. Ni nguo ya mstatili yenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini yake, yaani yale maneno ya kusomwa na aliyekusudiwa na asiyekusudiwa. Huuzwa mbili mbili. Moja hufungwa kiunoni na ya pili hutupwa kichwani au mabegani. Mtoto hubebwa kwa leso, bibi arusi hutunzwa leso, na mgonjwa hujifunika leso.

Lakini je, umewahi kujiuliza neno lenyewe "leso" limetoka wapi? Wengi tumezoea kudhani kwamba kila neno la pwani ambalo si la Kibantu basi ni la Kiarabu. Leso si la Kibantu, na si la Kiarabu pia. Lina ndugu Lisbon na Madrid, lina babu Roma, na lina binamu wengi kwa Waingereza. Baadhi ya binamu hao unawatumia kila siku bila kujua kwamba ni jamaa wa nguo ya mama.

Huenda ukauliza, "Mimi itanifaa nini habari hiyo?" Itakufaa, hasa ikiwa wewe ni mwanafunzi. Wapo watoto wa pwani wanaoandika "leso" katika insha wakarudishiwa daftari lenye wino mwekundu na neno "kanga" juu yake. Na wapo watu wazima, tena wasomi, wanaosema kwa dharau kwamba Kiswahili si lugha bali ni mkusanyiko wa maneno ya watu. Tukifuata nyayo za neno hili moja tutapata jibu la kuwapa wote wawili.

LESO YA MOMBASA NA LESO YA DAR

Kwanza tuelewane juu ya maana. Mwombe rafiki yako wa Dar es Salaam akupe leso. Atatia mkono mfukoni akutolee kitambaa kidogo cha kufutia jasho au kupengea kamasi. Nguo unayoitaka wewe yeye huiita kanga. Mmoja wenu asimcheke mwenzake, maana kila mmoja ana haki yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani leso kilikuwa kitambaa kidogo cha mraba. Masimulizi yanayotajwa sana yasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani na Zanzibar walikuwa wakinunua vitambaa hivi vilivyopigwa chapa vikiwa bado vimeshikana katika jora moja, havijakatwa. Badala ya kukata kimoja kimoja, walikata vitatu vitatu, kisha wakashona vipande viwili pamoja. Yakapatikana mavazi mapana ya leso sita, tatu juu na tatu chini. Wenye maduka walipoona biashara hiyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo na mji wake, bila kushonwa.

Wengine wakaiita nguo hiyo mpya kanga, kwa kuwa madoadoa ya zile za mwanzo yalifanana na manyoya ya ndege kanga. Sisi wa Mombasa tukashikilia jina la asili la kile kitambaa: leso. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalianza kwa hati za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa hati za Kirumi tunazotumia hivi leo. Hapa Mombasa chapa ya "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak imejulikana kwa vizazi kadha.

Kwa hivyo rafiki yako wa Dar amehifadhi maana ya kale, nawe umehifadhi historia ya nguo yenyewe. Sasa swali: kile kitambaa kidogo kilipewa jina hilo na nani?

WARENO WALIPOTIA NANGA

Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na merikebu zake, akiwa njiani kwenda Bara Hindi. Hakupatana na wenyeji, akaenda zake Malindi. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1505, Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa la merikebu akaushambulia mji wa Mombasa, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka wa 1593 Wareno wakaanza kujenga ile ngome tunayoiita Fort Jesus. Walikaa humo mpaka Desemba 1698, Waomani walipoitwaa baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Wareno walirudi kwa kitambo kifupi mwaka wa 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata.

Karne mbili si muda mdogo. Watu wakipigana watauziana pia, na wakiuziana watapeana maneno. Mreno alikuwa na kitambaa chake cha shingoni, kichwani na mfukoni, akikiita "lenço". Hiyo herufi c yenye kimkia chini husomwa kama s, na ile e hutamkwa kwa kupitisha pumzi puani kidogo. Mswahili akalisikia neno, akaiacha ile sauti ya puani, kwani maneno yetu ya asili hayana mazoea ya kuweka n mbele ya s. Likabaki "leso", jepesi ulimini kana kwamba lilizaliwa Mji wa Kale.

Hapa ndipo Wahispania wanapoingia, na huenda ukashangaa kusikia wametajwa katika habari za Mombasa. Mwaka wa 1580 kiti cha ufalme wa Ureno kilibaki bila mrithi wa wazi, na Mfalme Filipo wa Pili wa Uhispania akakitwaa. Kuanzia wakati huo mpaka 1640 nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Maana yake ni kwamba Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka wa 1593, mfalme aliyetawala alikuwa Mhispania, askari walioilinda walikuwa Wareno, na aliyechora ramani yake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliani. Watu wa lugha tatu, lakini lugha zote tatu ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo ni Kilatini.

MAMA MMOJA, WATOTO WENGI

Ikiwa jambo hili linakutatiza, litazame kwa macho ya kwetu. Mswahili husema "mtu". Mdigo wa Likoni husema "mutu", Mkamba husema "mundu", Mganda husema "omuntu", na Mzulu wa Afrika Kusini husema "umuntu". Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wote wamerithi kutoka kwa mababu waliosema lugha moja zamani sana.

Ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Warumi wa kale walisema Kilatini, na dola yao ilienea kutoka Uingereza hadi Misri. Dola ilipovunjika, Kilatini cha sokoni na cha askari kikaendelea kubadilika kila mahali kwa namna yake, mpaka kikawa Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya ovyo. Chukua Kireno na Kihispania. Mara nyingi Mreno anaposema "e", Mhispania husema "ie". Mreno akisema "tempo" kwa maana ya wakati, Mhispania husema "tiempo". Upepo kwa Mreno ni "vento", kwa Mhispania ni "viento". Jino ni "dente" kwa huyu na "diente" kwa yule. Sasa jaribu mwenyewe: ikiwa Mreno husema "lenço", Mhispania atasemaje? Ukijibu "lienzo" umepata, nawe hujahitaji kamusi.

Maneno hayo mawili, lenço na lienzo, ni ndugu wa tumbo moja. Baba yao ni neno la Kilatini "linteum", yaani kitambaa cha kitani. Mrumi aliitumia linteum kwa kitambaa cha kujipangusia, na hata kwa tanga la merikebu. Na linteum nalo lilitokana na "linum", ambao ni mmea wenyewe wa kitani.

Kitani ni mmea mwembamba wenye maua ya samawati. Bua lake huloweshwa majini mpaka lioze kidogo, kisha hupondwa na kuchanwa, zikatoka nyuzi ndefu zenye nguvu. Mbegu zake hukamuliwa mafuta. Wamisri wa kale waliwasitiri wafu wao kwa nguo za kitani, na nguo hizo bado zinaonekana katika majumba ya makumbusho. Kabla ya pamba kuenea Ulaya, mtu aliyetaka nguo nyepesi ya kuvaa karibu na mwili alivaa kitani.

LIENZO: KITAMBAA, PICHA NA UKUTA

Ndugu wa tumbo moja hawana lazima ya kufanya kazi moja. Lenço la Mreno lilibaki mfukoni na shingoni. Lienzo la Mhispania likashika njia nyingine.

Mhispania akisema lienzo, kwanza anakusudia nguo ya kitani. Pili, anakusudia kile kitambaa kilichokazwa katika fremu ili mchoraji achore picha, na kwa hivyo picha yenyewe pia huitwa lienzo. Ukienda Madrid na mafua ukaomba lienzo, hutapewa kitambaa cha kupengea. Huenda ukaelekezwa kwenye duka la wachoraji. Kitambaa cha mkononi kwao ni "pañuelo", neno lililotokana na "pannus", Kilatini cha kipande cha nguo.

Maana ya tatu ndiyo itakayomfurahisha mtu wa Mombasa. Katika habari za ngome, Mhispania huita lienzo ule ukuta ulionyooka kutoka pembe moja ya ngome hadi nyingine, kana kwamba ni nguo iliyotandazwa baina ya nguzo mbili. Basi siku utakapopita chini ya zile kuta nene za Fort Jesus, kumbuka kwamba kwa Kihispania, lugha ya mfalme aliyetawala ngome ilipojengwa, ukuta ule na leso ya mama vina majina ya ukoo mmoja. Mmoja ulijengwa ili kumtisha mwenyeji, na mwingine mwenyeji aliuchukua akaufanya vazi lake. Ngome ilihamwa na waliojenga, ikawa gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895, na leo ni jumba la makumbusho. Leso ingali inavaliwa.

BINAMU WALIOKO UINGEREZA

Sasa tuvuke hadi Uingereza. Kiingereza si mtoto wa Kilatini. Ni jamaa wa Kijerumani. Lakini kimechukua maneno ya Kilatini kwa mapakacha, na kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa kale kabisa, wakati mababu wa Waingereza walipofanya biashara na Warumi. Kwa mlango huo liliingia "linum", na ndilo lililozaa "linen", nguo ya kitani. Leo "linen" pia ni mashuka na vitambaa vya meza, hata vikiwa vya pamba tupu. "Linseed" nayo ni mbegu ya kitani, ile ambayo mafuta yake maseremala hupaka mbao.

Mlango wa pili ni Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066. Mfaransa huita nguo za kitani "linge", akapata "lingerie", neno ambalo Waingereza walilichukua kwa nguo za ndani za akina mama.

Mlango wa tatu ni wa vitabu na viwanda, ambako wataalamu huunda neno jipya kwa Kilatini cha makusudi. Katika miaka ya 1860 Mwingereza Frederick Walton alivumbua zulia gumu la sakafuni lililotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Akaliita "linoleum": linum ni kitani, na "oleum" ni mafuta. Hiyo oleum ndiyo iliyozaa "oil" ya Kiingereza, nayo ikazaa "oili" ya fundi wa matatu.

Lakini binamu mkubwa kuliko wote ni "line". Warumi walikuwa na neno "linea", yaani uzi wa kitani. Mwashi alipotaka ukuta wake unyooke alikaza uzi huo kutoka pembe hadi pembe, kama mafundi wetu wanavyofanya hadi leo wakipanga matofali. Uzi uliokazwa ni mfano wa unyoofu, na polepole neno la uzi likawa neno la mstari wowote ulionyooka. Kutoka hapo limezaa ukoo mzima. "Lineage" ni nasaba, mstari wa baba hadi mwana. "Airline" ni shirika la ndege, na "deadline" ni ile siku ya mwisho inayowatoa jasho wanafunzi na waandishi.

Watu wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine, hiyo nayo ni line. Waya wa simu ukavutwa kutoka mlingoti hadi mlingoti, ukaitwa line. Kiswahili cha Kenya kikalichukua neno na kuliita "laini". Tunapiga laini mahali pa kusubiri huduma, na tunanunua laini ya simu, kile kidude kidogo kuliko ukucha kinachotiwa ndani ya simu, ijapokuwa hakina waya wala uzi.

Sasa simama kando ya kivuko cha Likoni saa za asubuhi. Jina la mahali hapo lenyewe ni la Kibantu safi: "liko" ni pahali vyombo vinapofikia pwani. Mtazame mama aliyejitanda leso, amepiga laini akingoja feri, na mkononi ana simu yenye laini mbili. Leso alipewa na Mreno. Laini ya watu na laini ya simu alipewa na Mwingereza. Neno moja lilipita baharini kwa matanga na mengine yakaja karne kadha baadaye kwa shule na kwa redio, yakakutana mwilini mwa mama mmoja. Yote chanzo chake ni mmea mmoja wenye maua ya samawati, ambao pengine mama huyo hajauona maishani mwake. Na nguo aliyojitanda si ya kitani hata kidogo. Ni ya pamba.

TAHADHARI: WANAOFANANA SI NDUGU

Msomaji, mchezo huu ni mtamu lakini una mitego. Nyuso mbili zikifanana haimaanishi baba ni mmoja. Wasomi wa lugha huuliza maswali matatu kabla ya kukubali undugu: je, sauti zinabadilika kwa kanuni inayoonekana katika maneno mengine? Je, maana zinaweza kuunganishwa hatua kwa hatua? Na je, kuna njia ambayo neno lingeweza kupitia, biashara, vita au ujirani?

Jaribu maswali hayo kwa "laini" ya nguo nyororo. Nguo laini na laini ya simu zaandikwa sawa na zatamkwa sawa, lakini laini ya nguo ni ya Kiarabu, nayo ina maana ya ulaini tangu kale. Hazijuani.

Jaribu "leso" na "lesi". Huuzwa katika duka moja, pengine rafu moja. Hata hivyo lesi ya pazia yatokana na Kiingereza "lace", na lace yatokana na Kilatini "laqueus", yaani kitanzi cha kutegea. Ndugu wa lace ni "lasso", kamba ya wachunga ng'ombe wa Marekani, ambayo Waingereza waliipata kwa Wahispania. Leso na lasso hazina hata mjomba mmoja.

Na kitani je? Hilo ni la Kiarabu, "kattan", nalo ndilo lililotupa pia "katani", jina ambalo hutumiwa kwa nyuzi za mkonge kama ule wa mashamba ya Vipingo. Kiingereza "cotton" nacho chatoka kwa Kiarabu, lakini kwa neno jingine, "qutn", lenye maana ya pamba. Kwa hivyo Mwingereza naye alikopa kwa Mwarabu kama sisi.

TAZAMA NDANI YA NYUMBA

Ukisha kuijua njia, utaona kwamba leso haikuja peke yake. Inua macho uitazame meza. Kwa Mreno na Mhispania ni "mesa", na kwa Mrumi ilikuwa "mensa". Waingereza walilichukua neno hilohilo kwa Wahispania ili kutaja vile vilima vya Marekani vyenye vilele vilivyosawazika kama meza.

Kando yake kuna kasha. Mreno husema "caixa", Mhispania "caja", na Mrumi alisema "capsa". Kiingereza kikapata "case" la kutilia vitu, "capsule" ya dawa, na "cash", kwa kuwa fedha ziliwekwa katika kasha kabla jina halijahamia kwenye fedha zenyewe. Kwa hivyo mtu akikwambia lipa keshi, anakwambia lipa kasha! Lakini kesi ya mahakamani usiitie humo. Hiyo baba yake ni "casus", yaani tukio.

Vijana wanaocheza karata barazani wanashika "carta" ya Mreno, ambayo Mrumi aliiita "charta" baada ya kuipokea kwa Mgiriki, yaani karatasi ya kuandikia. Ukoo huo umezaa "card", "chart", "carton" na "cartoon", nasi tukapata kadi, chati, katoni na katuni. Karata iliingia kwa Mreno na nyingine kwa Mwingereza, nao ni jamaa waliokutana ugenini.

Mvinyo ni "vinho" kwa Mreno, "vino" kwa Mhispania, "vinum" kwa Mrumi, "wine" kwa Mwingereza. Padri ni "padre", kutoka "pater", yaani baba. Hata jina la Mreno mwenyewe lina kisa: alikuwa akitaja "reino", yaani ufalme wake, nasi tukamwita Mreno na kwao Ureno. Reino ni mwana wa "regnum" ya Kilatini, na Mwingereza amepata humo "reign", kutawala.

Neno chungu kuliko yote ni gereza. Mreno alisema "igreja" na Mhispania "iglesia", yaani kanisa, kutoka "ecclesia" ya Kilatini na Kigiriki. Ndani ya ngome ya Mombasa kulikuwa na kanisa la askari. Wenyeji, kama inavyoelezwa aghalabu, wakaita ngome yote kwa jina hilo. Lakini mwenyeji alichokijua juu ya jengo hilo kilikuwa kuta, mizinga na milango iliyofungwa, na jina la nyumba ya ibada likageuka jina la mahali pa kufungia watu. Kwa neno hilo moja watu wa Mombasa wameacha ushahidi wao wa jinsi walivyouona utawala ule.

JE, KISWAHILI NI LUGHA YA MKOPO?

Sasa turudi kwa wale wanaodharau. Wanasema: meza ya Mreno, kitabu cha Mwarabu, doti ya Mhindi, shule ya Mjerumani, chenu ni kipi? Waulize nao: wine ya Mrumi, line ya Mrumi, lingerie ya Mfaransa, cotton ya Mwarabu, cha Mwingereza ni kipi? Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kiingereza yalitoka kwa Kilatini na Kifaransa, wala hakuna anayesema Kiingereza si lugha.

Lugha haijulikani kwa maneno iliyoazima, bali kwa namna inavyoyatawala. Tazama Kiswahili kilivyomtia adabu mgeni. Kasha likapewa wingi wa makasha, gereza likapewa magereza, padri akapewa mapadri. Vinho ikavishwa m mbele ikawa mvinyo. Leso ikatiwa katika ngeli moja na nyumba na nguo: leso hii, leso hizi, leso yangu nzuri. Hakuna Mreno aliyetufundisha hayo. Hayo ni mifupa ya Kibantu, na neno lolote likiingia lazima livae mavazi ya mwenye nyumba.

Na kuhusu wino mwekundu wa mwalimu, yafaa tukumbuke mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka wa 1928. Ndio ulioamua kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, badala ya Kimvita cha Mombasa. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake, kwani vitabu vya Afrika Mashariki vilihitaji mtindo mmoja. Lakini uamuzi wa mkutano haufanyi neno la nyanya yako kuwa kosa. Mwanafunzi, katika mtihani fuata anavyotaka mtahini. Nje ya mtihani, ujue kwamba "leso" uliyoisikia utotoni ni neno lenye nasaba ndefu, na kwamba waliolishikilia walikuwa na sababu. Kupokea usanifu si kuuza urithi, na mwacha mila, wahenga wamesema, ni mtumwa.

Nawe mzazi, huna haja ya fedha wala vitabu vya ghali kumfundisha mtoto habari hizi. Jumapili hii baada ya chakula waiteni watoto mezani, kila mmoja ataje kitu kimoja kilichomo nyumbani, kisha mshindane kukisia jina lake lilikotoka: kwa Mbantu, kwa Mwarabu, kwa Mhindi, kwa Mreno au kwa Mwingereza. Anzeni na bendera, kopo, sabuni, chai, gari na foronya ya mto. Mnayoshindwa mtayaangalia kwenye kamusi kubwa. Na nyanya akiwapo, mpeni yeye nafasi ya kwanza kusema. Huenda anajua majina ambayo kamusi haijayapata bado.